Mama anafanya tai chi ili arudi kwake Jambiani, lakini mtaa mzima unamshika mkono

Asalaam aleikum wakuu.

Haya nnayoyaleta yametokea ndani ya nyumba yangu, hapa Malindi, Mji Mkongwe. Chumvi sijatia. Wahusika wakisoma watajijua, na wajijue tu, mie nshachoka.

Mama yangu, Bi Mize, ni mtu wa Jambiani, kule shamba, pwani ya mashariki. Ujana wake wote umeishia baharini kwenye kilimo cha mwani. Ana nyumba yake kule, ana kuku wake, ana majirani zake wa kugombana nao. Mwaka jana akaanguka uani kwake, akavunjika mkono. Ana sukari, na sukari ishamuingia miguuni. Nyayo zina ganzi, anakanyaga asijue kakanyaga nini.

Tukamleta mjini kwangu. Mkono ukapona, naye akaanza kufunga mizigo yake arudi.

Kaka yangu Makame akasema haendi popote. Makame ndiye mkubwa wetu na baba hatunaye, kwa hiyo akisema yeye imeshasemwa. Sharti lake likawa moja: "Mama atarudi Jambiani siku ntakayomuona anakwenda mwenyewe bila ya kushikwa."

Sharti hilo lishikeni wakuu, maana ndilo lililonitia wazimu.

Kliniki tukampata dada wa mazoezi, tumwite Rahma. Akamkagua mama nyayo, visigino, mpaka katikati ya vidole. Akatufundisha tuikague miguu kila siku na tuikaushe vizuri baada ya udhu, kwa sababu mwenye ganzi anaweza kupata kidonda asisikie. Halafu akasema mama ajifunze tai chi, mchezo wa Kichina wa kujihami, ile nyepesi ya watu wazima, impe balance.

Mama akamtazama. "Mie nipigane na nani, mwanangu?"

Rahma akacheka, akasimama kumuonesha. Hakuna kupigana pale. Unahamishia uzito mguu mmoja, polepole. Ule mwengine unaunyanyua kisigino, unaupeleka mbele, unaushusha kisigino kwanza kisha vidole, ndipo unauamini. Mikono inapanda na kushuka taratibu. Basi, ni hayo hayo.

Mama akajaribu huku kashika ukingo wa meza. Mara akasema, "Hivi si ndivyo tunavyokwenda kwenye mwani? Hulitupi guu ovyo, unapapasa kwanza ujue chini kuna nini."

Toka siku ile hakuhitaji kubembelezwa. Asubuhi nikiamka namkuta ukumbini yuko kwenye mazoezi.

Tabu ikawa kwa binaadamu wengine.

Kwanza viatu. Rahma kasema mwenye ganzi asifanye mazoezi pekupeku, avae viatu laini vilivyofunika vidole. Nikamnunulia, vipya, vya ndani tu, havijawahi kukanyaga nje. Sasa nyumba zetu mnazijua, kiatu mwisho wake mlangoni. Kila mgeni anayeingia akiviona viatu ukumbini anaviokota, anavitoa nje. Tena kwa heshima kabisa, anahisi kanisaidia.

Bi Zuhura, jirani yetu wa mlango wa pili, ndiye bingwa. Kavitoa, nikavirudisha. Kavitoa tena. Mara ya tatu ananisema mie: "Nyumba inasaliwa hii, mwanangu, viatu vinafanya nini humu?" Nikamueleza. Akaitikia vizuri sana. Kesho yake mama anavitafuta viatu, vipo barazani, paka kavilalia. Itabidi vioshwe, na vikioshwa havikauki siku ile, na mazoezi ndo yamekwenda hivyo.

Hilo la viatu lina afadhali.

Lililonimaliza ni mikono. Sisi tumelelewa hivi, mkubwa akinyanyuka wadogo wanakimbia. Mama akitaka maji, yashafika. Akitaka kwenda msalani, anabebwa kwapa huku na huku. Toka aje mjini alikuwa anazungushwa nyumba ile kama biharusi.

Rahma alitwambia wazi wazi: kaeni karibu, msimguse. Anayeshikwa kila saa miguu yake inaacha kufanya kazi.

Nani kasikia? Mama akinyanyua kisigino tu, mume wangu kashakunjua mikono nyuma yake. Wifi yangu analeta kiti. Bi Zuhura anachungulia dirishani: "Bi Mize, kaa mama, kaa, utaanguka." Mama anakaa, maana hataki kumvunjia mtu moyo. Mie nabaki kufoka peke yangu jikoni. Nikisema naambiwa sina huruma na mzazi wangu. Mimi!

Lakini mama ni mbishi, Alhamdulillah. Akabadilisha wakati, akawa anafanya mara tu baada ya alfajiri, kabla wenye huruma zao hawajaamka. Ikawa hata kupanda ngazi zetu, na ngazi za nyumba za Mji Mkongwe mnazijua zilivyosimama, anapanda kashika ukuta tu. Akaniambia, "Muite Makame."

Makame akaja Jumapili asubuhi. Mama katia baibui lake na viatu vyake vya kutokea, atoke mlangoni kwetu, aende mpaka pembeni mwa msikiti, arudi. Asishikwe na mtu.

Mie nshampitia Bi Zuhura kabla. Kakaa barazani kwake anachambua mchele. Nikamwambia, "Nakuomba, leo mama akipita usimguse." Akanijibu, "Sawa mwanangu, mie nna nini?"

Mama akaenda. Wakuu, alikwenda. Vespa ikaja mbio kwenye kile kichochoro, akasimama, akaegemeza uzito upande wa ukuta, ikapita, akaendelea. Akafika msikitini, akageuka bila ya kutafuta pa kushika. Namtazama Makame, uso unaanza kulegea. Mie machozi yananilenga.

Anarudi. Kashampita Bi Zuhura, kabakisha hatua chache kufika kwetu.

Bi Zuhura akainuka na sinia lake la mchele mkononi, akaruka kutoka nyuma, akamkamata mama mkono kwa nguvu: "Taratibu Bi Mize, utaanguka!"

Mama akashtuka, akavutwa upande. Mguu wake wa nyuma ukapiga hatua, goti likakunjika kidogo, akasimama imara. Bi Zuhura ndiye aliyetelezwa na champali zake miguuni, akaanguka, akakaa juu ya sinia lake. Mchele wote njiani. Mama akampa mkono, akamnyanyua.

Na Makame, Mungu amsamehe, akaguna: "Umeona? Karibu aanguke."

Hapo nilipasuka. Sauti yangu nadhani ilifika bandarini. "Kaka, aliyekaa chini nani? Nitazame unijibu, aliyekaa chini ni nani?"

Bi Zuhura anajikung'uta, "mie nilikuwa namsaidia tu." Makame akaanza maneno yake, tusubiri kidogo, tuone mpaka baada ya Ramadhani, haraka ya nini.

Mama akamgeukia Makame. Akamuita. Akaitika, "Naam, mama."

"Ulipokuwa unajifunza kwenda, nilikuwachia ukaanguka. Ukilia nalia na mimi, lakini nilikuwachia. Ningekushika kwa huruma, ungekuwa unatambaa mpaka leo. Sasa niachie na mie."

Makame akainama. Jumamosi akaja na gari.

Tulipofika Jambiani, Makame akatangulia kushuka, akafungua mlango wa upande wa mama, akamnyooshea mkono. Mazoea. Mama akautazama ule mkono, akautundikia mkoba wake. Akashuka mwenyewe, akaingia kwake, tukamsikia ndani anawaita kuku.

Kwa hiyo wakuu, nililojifunza ni hili. Haya mazoezi ya polepole yanafaa kwa wazee wetu wenye ganzi na wasiwasi wa kuanguka, lakini muulizeni mtaalamu kwanza, kila mguu na hali yake. Na heshima ya kumbeba mtu anayeweza kwenda inamlemaza. Kaa karibu naye, mikono yako iweke mfukoni.

Makame siku hizi anawaambia watu kuwa tai chi ilikuwa rai yake. Bi Zuhura anatangaza Malindi nzima kuwa nimemtupa mama yangu shamba. Na mama nikimpigia asubuhi hapokei, roho inanitoka, halafu ananipigia yeye kwa ukali: "Nshakwambia saa hizi nimesimama kwa mguu mmoja. Unataka nianguke?"

Nyie wenye wazee majumbani, mnawazuiaje hawa wasaidizi? Karibuni mseme. Ila kama umekuja kuniambia "si angekaa tu apumzike," hilo nshalisikia.