Komanda wa Kiwango Rahisi

Jumamosi hiyo Kiende aliosha sufuria ambazo tayari zilikuwa safi. Akaziacha, akaenda kuangalia ng'ombe, ng'ombe wakamwangalia yeye, akarudi jikoni.

"Una nini leo? Hata kiti hukikalii," mamake akamwambia.

Alikuwa na simu, ndiyo aliyokuwa nayo. Saa sita mchana ule mchezo wa vita anaocheza na wenzake mtandaoni ungefunguka upya, na kuanzia hapo jani la kijani lingetokea kando ya jina la kila anayecheza kiwango rahisi, kile ambamo maadui hupunguza mbio na vitufe huwa vikubwa. Kiende hajawahi kucheza kiwango kingine. Angechezaje? Akiwa na miaka kumi na tisa, mashine ya kukatia nepia, majani ya kulisha ng'ombe, ilimla vidole vitatu vya mkono wa kulia, kidole gumba kikiwemo.

Hapa Kanyakine kila mtu anaujua mkono huo na kuuonea huruma. Kwenye mchezo hakuna aujuaye. Huko yeye ni Komanda, mmoja wa watu watano walioanzisha Rika la Chuma, kundi la watu thelathini na wanane wa Meru na Embu wanaojisifu kwamba hucheza kiwango kigumu kuliko vyote. Anayetaka kuingia hucheza akisimamiwa na wanachama wawili, kama kijana anayepelekwa jandoni. Waanzilishi hawakusimamiwa. Nani angewasimamia?

Sasa niseme lililo baya. Mwezi uliopita Njagi, fundi wa pikipiki wa Siakago, alinaswa akicheza kiwango rahisi. Aliyeandika, "Atoke, hapa si pa watoto wa maziwa," ni Kiende huyuhuyu. Aliogopa wasije wakageuka kumtazama yeye. Njagi akatolewa siku hiyohiyo.

Saa tano na nusu akajaribu kile kiwango kigumu, kwa mkono wa kushoto na kidevu. Akauawa mara tatu kabla chai haijachemka. Akaupiga picha mkono wake juu ya meza, akaituma kwa kundi: "Nimecheza kiwango rahisi tangu siku ya kwanza. Amueni."

Thuranira, mwalimu ambaye ndiye mkubwa wa kundi, alijibu upesi. "Pole sana, Komanda. Wewe hatukuhesabu. Una sababu." Wengine wakafuata na pole zao. Riungu, mmoja wao, akaahidi kwamba kuanzia leo watamtanguliza mtu wa kumlinda.

Basi si amepona? Angekaa chini apumue. Wapi! Walikuwa wamemwacha abaki, lakini yule Komanda asiyeonewa huruma hakuwapo tena. Akazunguka meza mara mbili, kisha akampigia Njagi.

"Ni Komanda. Wewe ulikuwa na sababu gani ya kucheza kiwango rahisi?"

"Sikuwa na sababu, dada. Nikitoka kazini nimechoka. Nilipenda tu vile tunapiga stori tukicheza."

Kiende aliona aibu. Hakuwahi kumuuliza, na mwezi mzima ulikuwa umepita. Hakumwomba Thuranira ruhusa. Alimrudisha Njagi kwenye kundi, akaandika: "Kusimamiana kumekwisha. Kila mtu acheze anachoweza au anachopenda."

Simu ikatetemeka: Riungu ametoka. Simu ikatetemeka tena, mwingine ametoka, halafu wanne kwa pamoja. Saa sita ilipofika jani likatokea kando ya jina lake, naye hakuliona, maana alikuwa akihesabu waliobaki. Kumi na wawili.

Thuranira akaandika, "Tulikuwa tumeshakusamehe, Komanda. Si ungenyamaza tu?" Naye akatoka.

Kiende akasoma maneno hayo akiwa amesimama. Alitaka kumjibu, ila hakuwa tena na mahali pa kumjibia.