Kitako Kisichokunjwa

Siku ile sebuleni kwangu Njombe tulikuwa watatu, na ukimhesabu yule wa kwenye televisheni tulikuwa wanne. Mimi mwenyewe. Dada yangu wa tumbo moja, yeye wa kwanza kuzaliwa na mimi wa nne, wa katikati wote wametangulia. Binti yake, ambaye kwa mila yetu ni mwanangu pia na huniita mama mdogo, alikuwa amekuja kutoka Makambako anakoishi na mume wake. Wa nne ni yule mwanamke anayepika kwenye televisheni saa kumi jioni. Huyo si ndugu wa yeyote kati yetu, tulimzoea tu. Majina yao nayajua yote, hata la shangazi wa mpishi, aliyemtaja mara moja tu akikaanga samaki. Hapa siyaandiki.

Dada alihamia kwangu alipofiwa na mume, kule Uwemba. Kazi yetu ya mikono ilikuwa vikapu vya milulu, yale majani marefu ya bondeni. Unayakausha, halafu unayalowesha kabla ya kusuka yasikatike. Tuligawana kazi tangu tukiwa wasichana. Dada alianza kitako, akakisuka mpaka kimefika upana wa sahani, akakikunja kuelekea juu. Hapo ndipo pagumu, kwenye kukunja. Akishakunja ananipa mimi, napandisha kuta na kufunga mdomo. Mkono wake unabana. Wangu unalegea kidogo, mama yetu alilisema hilo mapema na hakuna aliyebisha.

Saa kumi tulikuwa tunawasha televisheni na beseni la milulu lipo katikati yetu.

"Huyo ameweka maziwa kwenye maharage," nasema.

"Labda mume wake hana meno," anasema dada, macho yakiwa kwenye kazi.

"Na viazi anavimenya kama anachonga kijiko."

"Mwache. Hajalima, hajui uchungu wake."

Umeme ukikatika katikati ya mapishi, dada alimalizia kwa mdomo mpaka chakula kiko mezani. Nami nabishana naye habari ya chumvi. Mara nyingi alikuwa sahihi. Umeme ukirudi tunamkuta mpishi anapakua kile kile alichosema dada.

Halafu dada akapotea akitoka sokoni. Njia ile ameipita miaka. Jirani alimkuta karibu na stendi amekaa juu ya gunia la kabichi la mtu, akamleta. Binti yake akasikia, akanipigia simu.

"Mama mdogo, nakuja mwisho wa mwezi. Nikimkuta yuko sawa, abaki na wewe. Nikimkuta hayuko sawa, naondoka naye."

"Yuko sawa," nikasema.

Hakuwa sawa. Mimi nilijua kabla ya habari ya soko, kwa sababu ya vitako. Alikuwa anaanza vizuri, mkono unabana kama zamani, anafika upana wa sahani, anaupita. Anaendelea tu. Kitako kinakuwa kama ungo, kimelala juu ya magoti yake, na yeye anazidi kuongeza milulu. Siku ya kwanza nilimwambia, "Dada, kunja." Akaniangalia. Akasema, "Nakunja nini?" Sikurudia tena kumwambia.

Nilichofanya ni hiki. Asubuhi dada alikuwa anaota jua nje ukutani, maana baridi ilikuwa kali. Nilikuwa nachukua kile kitako, nafumua mizunguko iliyozidi, nakunja mwenyewe, napandisha. Kufikia mwisho wa mwezi vikapu vitatu vilikuwa vimesimama kwenye kabati la vyombo. Nilivipanga mbele, mtu akiingia avione. Sikuona vibaya kufanya hivyo. Sikuona vizuri pia. Nilikuwa nafanya tu, kama mtu anavyokoka moto.

Binti yake akafika, akapiga hodi. "Kamwene," akatusalimu, dada akaitikia vizuri kabisa na kumuuliza habari za wajukuu. Tukanywa chai. Saa kumi nikawasha televisheni. Mpishi alikuwa anapika njegere kwa nazi.

"Nyumba ya mtu wa pwani hiyo," akasema dada. Binti yake akacheka. Nikaona labda itapita.

Binti akainuka, akachukua kikapu kimoja kabatini, akakigeuzageuza. "Mama, hiki umesuka mwezi huu?"

"Ndiyo, mwezi huu," nikajibu mimi.

Akamwekea dada mapajani. Dada alipitisha kidole gumba chini, polepole, kuzunguka pale kitako kinapoinuka kuwa ukuta.

"Kitako changu," akasema. "Huu mkunjo si wangu. Umelegea."

Njia ya kutoka sokoni alikuwa ameisahau, ila mkono wake na wangu alikuwa anaitofautisha.

Binti yake akanitazama. Nikatazama njegere. Hakunisema. Alichukua milulu kutoka kwenye beseni, akampa mama yake, akakaa chini kwenye mkeka, akasubiri. Dada akaanza. Akasuka mpaka upana wa sahani. Mpishi akaonja, akaongeza ndimu, akapakua, akaaga. Dada akaendelea, kitako kimelala.

"Mama, hukunji?"

"Nakunja nini?" akasema dada.

Binti akakusanya vikombe vya chai, akavipeleka jikoni. Niliporudi kutoka kufunga kuku, alikuwa ameshatoa begi la dada chini ya kitanda.

Waliondoka asubuhi. Nilimfunga dada kitenge kichwani kwa sababu ya baridi, akanishukuru kama anavyomshukuru mtu wa kanisani. Nikarudi ndani, nikamwaga maji ya beseni.

Nilikwenda Makambako mara moja. Wanamtunza vizuri, ana sweta jipya na kiti chake mbele ya televisheni. Mpishi alikuwepo, yule yule. Dada alikuwa na kitako kimefika magoti yote mawili na kuning'inia pembeni. Nilikaa karibu naye. Umeme ukakatika wakati vitunguu ndiyo kwanza vinaingia kwenye sufuria. Nilimsubiri amalizie. Aliendelea kusuka. Nikamaliza mimi, nikasema nyanya, nikasema chumvi, mpaka mezani. Hakubisha.

Huku nyumbani bado nawasha saa kumi. Vitako najaribu kuanza mwenyewe, vinalegea. Vile vikapu vitatu sijauza wala kugawa.

Haya nimeyaandika kama ninavyoyakumbuka. Kama wewe ndiye uliyekuja kumchukua mama yako, na siku ile hazikuwa njegere, au aliyesema "mwezi huu" alikuwa yeye na si mimi, nirekebishe, sitakasirika. Wa kunirekebisha palepale alikuwa dada.