Sabuni Iliyoapiwa Angani

"Mimi, Nabintu wa Bukavu, nilivuka mpaka kwa miguu, mtoto mgongoni, risasi nyuma. Huko juu nitaruka na hamtasikia hata pumzi yangu. Atakayenisikia nikilia nitamfulia nguo mwaka mzima, na sabuni itakuwa yangu!"

Alisema hayo kwenye kipaza sauti, mbele ya wauza sabuni wa jumla wote wa soko la Kikuubo, Kampala, siku kiwanda kilipotangaza zawadi ya waliouza sana: safari ya Iten, Kenya, kwenda kuruka na parachuti juu ya bonde la Kerio. Watu walimpigia makofi. Okwir alipiga kuliko wote, na hapo ndipo Nabintu alipopaswa kushtuka. Duka la Okwir linatazamana na lake, uchochoro mmoja katikati, na tangu lini fisi akamshangilia mbuzi?

Sasa ilikuwa asubuhi ya kuagana. Kambi ya warushaji iko ukingoni kabisa mwa bonde, mahali ardhi inapokatika kama mkate. Chai ilikuwa mezani, mandazi yalikuwa mezani, na simu ya Okwir ilikuwa mezani pia, imeegemezwa kwenye chupa ya chai ili kila mtu aione vizuri.

Kwenye simu alikuwamo Nabintu wa jana. Kofia ya plastiki imemshuka hadi kwenye nyusi. Anakimbia, rubani amefungwa mgongoni kwake, ardhi inaisha, lakini miguu haijapata habari, inaendelea kukimbia hewani kama ya kuku aliyeshikwa mabawa. Kisha ile sauti.

"Mama Nsimire! Mama, unipokee! Mungu wangu, nikishuka mzima nashusha bei ya sabuni! Nashusha! Haki ya Mungu nashusha!"

Meza nzima ilicheka hadi chai ikamwagika. Kamera ya rubani, ile inayofungwa kwenye fimbo, ilikuwa imenasa yote, na kwa kuwa Okwir ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa safari, video zote zilitumwa kwenye simu yake.

"Mama, mimi iko na nguo chafu mingi sana," Okwir alisema kwa Kiswahili chake cha kambi ya jeshi, alikozaliwa na kulelewa. "Na Mungu naye iko nangojea punguzo yake!"

"Cheka, bana," Nabintu alisema. "Meno ni yako."

Utani wa sabuni angemsamehe. Mtu akiogopa huahidi lolote, hata asichonacho. Lakini Okwir alisimama, akajifunga shuka kichwani kama kilemba, akatikisa miguu, akaita kwa sauti ya puani, andazi mdomoni: "Mama Nsimire! Mama, unipokee!" Akaita mara ya pili, kwa sababu ya kwanza ilichekesha.

Mama Nsimire, mama yake mzazi, alikufa Bukavu mwaka juzi, barabara zikiwa zimefungwa kwa vita. Nabintu alimzika kwa simu, akisikiliza koleo za watu wengine. Tangu siku ile hakuwahi kulitamka jina hilo kwa sauti hadi jana, ardhi ilipomwacha. Na leo lilikuwa linatafunwa pamoja na andazi.

Nabintu alimaliza chai yake, akakisuuza kikombe, akakipindua.

Rubani wake, Kimaiyo, alimfuata kwenye gari kumuaga. Alimshika mkono kwa mikono yote miwili.

"Mama, nisamehe. Sikujua huyo mwenzenu yuko hivyo. Huko juu kila mtu huapa. Mwezi uliopita jamaa mmoja aliapa kumuoa mpishi wetu."

"Akamuoa?"

"Mpishi ana mume."

"Basi huyo amepona," Nabintu alisema. "Sabuni haina mume."

Gari lilikuwa basi dogo la kukodi, na Okwir alikaa mbele kama kawaida ya watu ambao shingo zao zimezoea kugeuka nyuma kuhutubia. Walipoipita Eldoret alikuwa amekwisha kuichosha ile video, akahamia kwenye somo alilolipenda zaidi, yaani Okwir.

"Nyinyi mtalia. Shule zinafungua wiki kesho. Kila mtoto wa bweni nataka sabuni. Ghala yangu ya Kawempe imejaa mpaka kwenye bati! Nilikopa kwa yule mzee wa riba, nikanunua yote. Leo katoni ni elfu sitini na sita, sindiyo? Mimi nitauza hata sabini."

"Na sisi tulionunua kidogo?" mtu aliuliza.

"Nyinyi mtakuja kwangu na magoti."

Nabintu alikuwa anatazama dirishani. Yeye hakuwa na ghala iliyojaa. Dukani kwake kulibaki katoni chache tu, na fedha taslimu za kununulia nyingine kiasi. Faida ya muhula huu ilikuwa na kazi yake: saruji ya kaburi la Bukavu, ambalo mvua mbili sasa lilikuwa kifusi chenye msalaba wa mbao.

Husnah, jirani yake wa siti na wa soko, alimgusa bega. "Nnyabo, mbona kimya? Mtukane tu upumue."

"Niko nafanya hesabu."

"Hesabu ya nini?"

"Ya mtu mwenye sabuni nyingi."

Malaba mpakani, wakisubiri pasi zigongwe mihuri, Nabintu alimwendea Okwir. Alitembea polepole, kitambaa machoni, na watu wakampisha kama mfiwa.

"Kaka Okwir, nakuomba. Wa kwenye gari wameona, basi. Lakini wateja wetu wa mikoani, wale wananiheshimu. Usiwatumie watu wa Gulu. Wala wa Lira." Akavuta pumzi. "Na Arua, kaka, nakuomba kwa jina la mama yako. Arua usiguse kabisa."

"Arua?" Okwir alisema, na kidole gumba chake kilikuwa tayari kazini. "Hiyo Arua ndiyo naanza nayo."

Husnah alimvuta pembeni. "Banange, wewe! Umemwelekeza mpaka mlangoni!"

Nabintu alikunja kitambaa chake. Kilikuwa kikavu.

Kampala walishushwa jioni. Watu walikumbatiana, wakaapa kutoachana kamwe, wakaachana pale pale kila mmoja na bodaboda yake. "Jumatatu, Mama Kiapo!" Okwir alipaza sauti.

"Jumatatu, kaka. Mungu atupe wateja."

Nyumbani kwake Katwe alizitoa fedha za saruji, akaziweka pamoja na za biashara. Kiwanda kilimuuzia katoni kwa elfu sitini na mbili. Alijua akiuza kwa sitini atapoteza elfu mbili kwa kila katoni, na alijua pesa hizo zilikuwa za nani. Mama atangoja, alijiambia. Aliyelala chini hana haraka. Okwir ndiye mwenye haraka, maana riba haijui kulala.

Jumatatu walianza kuingia kabla wapagazi hawajamaliza chai. Mwanamke wa Gulu, simu mkononi. Wanaume wawili wa Lira. Kisha Arua, wengi, wamekodi lori pamoja.

"Ndiye wewe uliyeapa angani?"

"Ndiye."

"Na ulishuka mzima?"

"Si unaniona?"

"Basi bei?"

"Elfu sitini."

Uchochoro ulijaa hadi wapagazi wakapita ubavu ubavu. Zilipoisha katoni zake, Husnah alimletea za kwake, na Nabintu akazinunua na kuziuza kwa bei ile ile. Ng'ambo, Okwir alikaa katikati ya sabuni yake kama mtu aliyejenga nyumba akasahau mlango. Simu ililia, alitazama jina la yule mzee wa riba, akaiacha ilie.

Mchana alivuka uchochoro.

"Dada. Tuzungumze."

"Leo ni dada?"

"Nilikuwa nacheza tu. Nitafuta hiyo video."

"Utaifuta Arua nzima?"

"Pandisha kidogo. Sitini na tano tu. Mimi nitakufa, Nabintu, yule mzee natafuna watu."

"Kaka, niliapa kushusha. Sikuapa kupandisha."

"Mpaka lini?"

Nabintu aliacha kufunga mzigo. "Igiza tena vile nilivyomwita mama. Hapa, mbele ya wapagazi. Ukiweza kuwachekesha, napandisha sasa hivi."

Wapagazi walitua mizigo. Okwir alifungua mdomo. Alitazama watu, akamtazama yeye, akaufunga. Alirudi dukani kwake akipitia mbali, kando ya ukuta.

Jumanne asubuhi, katoni moja ya sabuni kwa Nabintu ilikuwa shilingi elfu hamsini na nane.