Kidirisha Kilichomfutia Shangazi Miadi

Wagonjwa thelathini na mmoja wamefuta miadi yao ya upasuaji wa macho ndani ya wiki moja. Wote wanaapa hawajafuta.

Mmoja wao ni shangazi yangu, fundi cherehani, mwanamke aliyenilea.

Na programu ya simu ya hospitali hiyo nimeitengeneza mimi. Chekeni tu.

Tarehe ile aliisubiri miezi minne. Jicho moja halioni tena, la pili limejaa ukungu. Nilifika kibandani kwake nimefura.

"Shangazi, umefuta mwenyewe. Rekodi inaonyesha umebonyeza 'Ndiyo'."

"Ndiyo ipi, baba? Mimi sijaulizwa kitu!"

"Umeulizwa! Ukigusa 'Futa' kinatokea kidirisha: 'Una uhakika?'"

"Basi wewe na kidirisha chako mmekaa mkaamua mimi mwongo."

Nikamjibu vibaya. Nikasema watu wazima hawasomi, wanabonyeza tu. Mpaka leo naona aibu.

Nikamwekea miadi ya majaribio kwenye simu yake. "Haya, nionyeshe."

Alitaka 'Fungua', kidole kikaangukia 'Futa'. Tena aligusa mara mbili, chapchap, maana simu yake kuukuu haisikii mguso mmoja.

Miadi ikayeyuka. Kidirisha hata mimi sikukiona.

Kile kidirisha kinatakiwa kufunguka taratibu, karibu nusu sekunde, na 'Ndiyo' haishiki mpaka kimalize kufunguka. Hiki bila shaka kilichomoka papo hapo, 'Ndiyo' ikakaa chini ya kidole chake, mguso wa pili ukajibu.

Kwangu nisingegundua kamwe. Simu yangu nimezima madoido yote ili iende kasi, kila kidirisha huchomoka papo hapo.

Nikafungua laptopu palepale, hasira zimenipanda, kumtafuta mjinga kati ya wenzangu kazini aliyechezea ule muda wiki hiyo. Matusi nilishamwandalia.

Muda uliandikwa 0.4. Mwandishi alidhani anaandika sekunde, kumbe programu inahesabu milisekunde, elfu moja kwa kila sekunde.

Na mwandishi nilikuwa mimi.

Nikaweka 400. Dakika mbili, kazi imekwisha. Nikapiga simu hospitali. Nafasi zote zilishagawiwa kwa wengine. Tarehe mpya ya shangazi, miezi mitatu mbele.

"Kwa hiyo sikukosea?" akauliza.

"Hukukosea, shangazi. Ni mimi."

Akashusha pumzi, akaninyooshea sindano na uzi.

"Basi nitungie. Na kesho uje tena, mpaka hiyo miezi yako iishe."

Naenda kila asubuhi. Ndugu yangu unayetengeneza vitu vya watu, kabla hujamwambia mtu hajui kubonyeza, kaa karibu naye utazame kidole chake.