Kitu cha Kwanza Alichoiga Houda

Massoudi, fundi cherehani wa mtaa wa Cibitoke, alikuwa na sifa ya kushona kanzu zinazokaa begani bila mkunjo, na sifa hiyo aliitunza kama mboni ya jicho. Kwa hiyo Mathilde, mwalimu mwenye asili ya Uvira ambaye Asiya mkewe alimtafuta kwa ajili ya binti yao, alipomwambia akae sakafuni agonge kifuniko cha bati kama afanyavyo mtoto, alidhani anataniwa.

Houda alikuwa na miaka minne. Hakusema, hakumtazama mtu usoni, na ukimpungia mkono hakukurudishia. Watoto wengine hujifunza kwa kuiga, Mathilde alieleza. Huyu mwenye usonji alihitaji kufundishwa hata kuiga kwenyewe.

"Ukitaka akuige, anza we kumuiga," alisema. "Akigonga, gonga. Akinyamaza, nyamaza. Siku moja atakutazama. Hapo ndipo utamuonyesha kitu kipya, kidogo tu."

"Mbele ya wateja, madamu?"

"Popote mutoto iko, baba Houda."

Massoudi alikubali, ila kila asubuhi kabla ya kukaa chini aliurudisha mlango wa duka. Siku ya tisa Houda aligonga, akasita. Massoudi akagonga. Mtoto akainua macho, akamkodolea baba yake kama anayengoja zamu yake.

Ndipo mlango ukasukumwa. Alikuwa Faruk, muuza vitenge, kaleta kitambaa cha kanzu za harusi ya mdogo wake. Alimkuta fundi amepiga magoti, kifuniko mkononi, akiguna kama mtoto. Massoudi akaruka, akajipangusa suruali.

"Mutoto wa nani uyu?" Faruk aliuliza.

"Wa jirani," alijibu, akaupunga mkono pembeni kama anayefukuza nzi. "Mama yake ameenda sokoni."

Faruk alipimwa, akaenda zake. Massoudi alipogeuka, Houda bado alikuwa anamtazama. Kisha akainua mkono wake mdogo, akaupunga pembeni, vidole vikilegea mwishoni vilevile. Akarudia mara ya pili.

Asiya alikuwa amesimama penye pazia la kuingilia nyumbani. Alikuwa amesikia yote. Alimbeba mtoto, akaingia naye ndani. Siku ile Massoudi alishona mkono wa kanzu ndani nje, akaufumua, akakosea tena.

Kesho yake Mathilde alipofika, Asiya alimwambia tu, "Ameiga."

"Mungu asifiwe. Ameiga nini?"

Asiya akamgeukia mumewe, akamwachia ajibu. Massoudi, aliyejulikana kwa maneno mengi kuliko mafundi wote wa mtaa ule, alitumia machache siku hiyo. Alisema yote, macho yake yakiwa kwenye sindano.

Mathilde alikisogeza kifuniko karibu na mtoto. "Mutoto hajui maana ya mukono ule," akasema. "Ni we unaijua. Haya, tuendelee."

Waliendelea, mlango ukiwa wazi. Baada ya wiki mbili Houda alikuwa anaiga kupiga makofi na kugusa pua. Asiya alicheka tena na mtoto. Ila kwa mumewe alikuwa na maneno ya sokoni na ya jikoni tu, basi.

Faruk alipokuja kuchukua kanzu zake, Massoudi alikuwa sakafuni na Houda, na safari hii hakuinuka.

"Faruk, ndugu yangu, siku ile nilikudanganya. Mutoto ni wangu."

Faruk alizikunja kanzu taratibu, akaziweka kwapani.

"Nilijua, fundi. Sura ni yako kabisa. Nilinyamaza tu nisikuaibishe."

Akaaga kwa heshima, akatoka. Massoudi aliona heri angetukanwa. Kichwa kilimwinamia chenyewe mpaka kidevu kikagusa kifua, akakaa hivyo hata alipohisi mtoto ametulia kimya kando yake. Akatupa jicho. Houda naye alikuwa ameinamisha kichwa, kidevu kifuani.

Massoudi akakiinua chake upesi, asije akamfundisha na hilo.