Mteja wa Mazoezi

Chuoni kwetu, tulikosomea ushauri nasaha kwa vijana, Mama Chai alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni birika na vikombe. Ya pili alitwikwa na mhadhiri wetu, aliyechoka kutuona tukiigizana na kuchekana: kukaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya darasa, ajifanye mzazi mwenye kijana aliyemshinda.

"Dokta, leo nilie au nisilie?" alikuwa akitutania, huku akifuta mikono kwenye aproni.

Siku ya mtihani wangu alisema binti yake ana miaka kumi na saba, mwezi wa pili huu hatoki chumbani, hasemi na mtu. Akalia. Nami nikafuata kitabu: nikaitikia kwa kichwa, nikayarudia maneno yake, sikutoa ushauri wowote maana ukishauri unakatwa alama. Dakika kumi na tano zikaisha. Mhadhiri akapiga makofi. Nikapata themanini na tisa, kichwa kikanivimba.

Mama Chai aliniwahi kwenye korido. "Sasa mwanangu, nifanye nini?"

"Kuhusu nini, mama?"

"Si huyo binti yangu!"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamshika mkono hadi kwa mhadhiri. Si mtu mbaya yule. Alipiga simu kliniki ya vijana palepale. Nafasi ya karibu, miezi minne ijayo. Sisi hatukuwa na leseni ya kumwona mgonjwa, na yeye mwenyewe alikuwa mwalimu wa nadharia tu. Mganga hajigangi, wanasema. Sisi watu thelathini hata jirani tulishindwa kumganga. Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani.

"Basi, si kitu," alisema Mama Chai. "Wenzako wanasubiri mtihani."

Akarudi kitini. Mitihani ikaendelea hadi kesho yake, na mwenzangu akamuuliza, kwa ile sauti yetu ya darasani, hali ya nyumbani ikoje.

"Kuna afadhali," akajibu. "Jana usiku katoka mwenyewe chumbani. Kampa mdogo wake nguo zake zote, na viatu, na saa. Kanikumbatia na mimi."

Kalamu zikasimama. Sote tulikuwa tumeusoma ukurasa ule: kijana anayegawa vitu vyake huenda anaaga. Mhadhiri akaanza kubonyeza simu upya. Mama Chai peke yake ndiye aliyekuwa akitabasamu.