Saa Sita Mbili za Nyololo

Kaka yangu Ambakisye ni mtu wa kesho. Kesho atang'oa jino, kesho atapaka nyumba rangi, kesho atabadilisha taimingi belti ya gari lake. Belti mpya aliinunua zamani, akaisukuma chini ya kiti cha nyuma, nayo ikawa inasafiri kila siku kama abiria asiyejua kituo chake. Kwa hiyo aliposema anataka kuoa, ukoo mzima tulikimbilia kuandika barua ya posa kabla hajabadili kauli. Shangazi Tusekile akateuliwa kuwa mshenga. Mimi, kwa kuwa naandika riwaya na inaaminika sina kazi, nikateuliwa kuwa dereva.

Sharti lilikuwa moja tu. Baba wa binti, mwalimu mstaafu wa Tosamaganga, alitaka wageni wafike Jumamosi kabla ya saa sita mchana. Waposaji waliotutangulia walichelewa, wakarudi kwao na bahasha yao bila kufunguliwa.

Saa kumi na moja alfajiri tulitoka Mbeya kwa gari la Ambakisye. Mlima Loleza ulikuwa bado umejifunika ukungu hadi kidevuni. Shangazi aliketi mbele, kitenge kipya mabegani, bahasha mapajani, ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba kifaranga.

Kulipopambazuka tulikuwa Chimala, tambarare ya Usangu imelala upande wa kushoto, maji ya majaruba ya mpunga yakianza kupokea rangi ya mbingu. Niliona fahari, nikatamani kusimama niandike sentensi mbili.

"Sentensi utaandika ukirudi," alisema shangazi. "Kanyaga mafuta."

Baada ya Makambako baridi ilipenya hadi kwenye usukani. Hapo ndipo shangazi alipoinamisha sikio.

"Mwanangu, mbona gari linatupigia makofi?"

Kweli, mbele kulikuwa na sauti, pa, pa, pa, kama kandambili za mtu anayetukimbiza.

Saa mbili na nusu tuliingia Nyololo tukiwa tunatambaa. Kando ya barabara, nyuma ya malori ya mbao, tulielekezwa kwa fundi Batista, mtu mzima mwenye kofia ya sufu na sweta lenye viraka vya ngozi viwikoni.

"Kamwene," alitusalimu.

"Kamwene, baba," nilijibu, Kihehe changu chote kikaishia hapo.

Alifungua kifuniko cha plastiki ubavuni mwa injini, akatuita tutazame. Mkanda ulikuwa umechanika ukingoni, nyuzi zikipiga kifuniko. Meno matatu hayakuwepo.

"Mngekwenda kidogo tu mbele, ungekatika," alisema. "Mkanda huu ndio unaopatanisha puli ya chini inayofuata pistoni na puli ya juu inayofungua valvu. Ukikatika, pistoni inapanda huku valvu imeshuka. Zinagongana, injini imekwenda. Belti mpya mnayo?"

Shangazi aliinama, akaitoa chini ya kiti. "Hii hapa. Imetusubiri kuliko bibi harusi."

Fundi alivua mkanda wa zamani, akasema haamini mpangilio wa mkanda uliong'oka meno, tungepanga upya. Akaingia chini ya gari na spana yake. Kwanza alishusha pistoni zote nusu, nizungushe puli ya juu bila kugonga kitu.

"Kijana, uwe macho yangu huko juu. Puli ina nukta nyeupe. Iweke saa sita."

Alama ya kwenye injini, ambayo nukta ile ilipaswa kuitazama, ilikuwa imezikwa na grisi ya miaka. Nikaikumbuka saa ya ukutani kwetu, nikaiona namba sita ilipo, chini kabisa. Nikazungusha nukta hadi chini. Ili mstari unyooke, nilichukua kitu pekee kilichonyooka karibu nami, bahasha ya posa aliyonikabidhi shangazi alipoitoa belti, nikapima kwa ukingo wake kutoka katikati ya puli hadi kwenye nukta.

"Tayari?"

"Saa sita kamili, fundi."

Akapandisha pistoni ya kwanza hadi juu kabisa, alama ya puli ya chini ikakaa mahali pake. Akavisha belti, akaikaza. Ilikuwa inakaribia saa nne. Shangazi alikwisha kuketi kwenye kiti cha dereva, mkono kwenye ufunguo.

"Usiwashe, mama!" Fundi alichomoka chini ya gari. "Nazungusha kwa mkono kwanza." Kisha akatazama puli ya juu. "Kijana. Nukta yangu iko wapi?"

"Saa sita."

"Saa sita jua liko wapi?"

Nilinyoosha kidole juu. Kidole kikabaki huko, peke yake, kikiona haya.

"Nilifuata namba," nilisema.

"Msomi huyo!" shangazi alimwambia mtu asiyekuwepo. "Kufungua na kupanga upya ni muda gani, fundi?"

"Dakika arobaini na tano."

Hatukuwa nazo. Nilimwona Ambakisye akizeeka bila mke kwa sababu ya namba iliyoandikwa chini.

Fundi Batista alikuna kofia yake. Alifuta grisi hadi alama ya juu ikaonekana, kisha akaanza kuzungusha puli ya chini kwa spana, polepole, akisikiliza kwa mikono. Hapakuwa na mgongano. Puli ya chini ilimaliza mzunguko mmoja. Nukta nyeupe ikapanda upande mmoja wa puli kama mwezi mwaminifu, ikasimama juu, uso kwa uso na alama yake.

Fundi alicheka hadi akakaa chini kwenye tairi kuukuu. "Ya chini ikizunguka mara moja, ya juu huenda nusu. Na wewe umekosea nusu kamili, hukuzidisha jino, basi zimekutana zenyewe! Ungekosea jino moja au mawili, tungelia."

Alizungusha tena mara mbili kuhakikisha. Kisha shangazi akawasha, na injini ikaimba.

"Ndaga fijo," alimshukuru kwa Kinyakyusa, naye fundi akaitikia kana kwamba ni Kihehe.

Misonobari ya Mufindi ilipita, Mafinga ikapita, Ifunda ikapita. Saa sita kasoro dakika nne tulibisha hodi Tosamaganga. Mwalimu alitazama saa yake ya ukutani, akaridhika, akapokea bahasha. Ukingoni kulikuwa na mstari mweusi wa grisi.

"Na hii?"

"Muhuri wa ukoo," alisema shangazi bila kupepesa macho.

Mwalimu akaifungua.

Jumapili, tukirudi Mbeya na jibu la ndiyo, tulisimama Nyololo kumpa fundi habari. Nimejifunza kuzungusha kwa mkono kabla ya kuwasha, iwe injini au sentensi. Fundi naye amejifunza jambo. Tulimkuta chini ya gari jingine, akimpigia kelele mteja aliyesimama juu.

"Saa sita ya jua, bwana, si ya namba!"